Kapteni Aliyelikimbia Neno

Kapteni alizaliwa wapi, babake nani, urubani alisomea nchi gani, hayo mkawaulize wanaopenda nasaba. Mimi nilimpata akiwa mtu mzima, mvi zimeshamwingia ndevuni, amepanga nyumba ya pili kutoka yangu hapa mtaa wa Barani, Malindi. Alikuja na sanduku moja, redio ndogo, na mashati meupe ambayo sikupata kujua idadi yake kwa kuwa yote yalifanana. Nilimuuliza jina akanitajia. Mtaa haukulitaka. Hata wiki haikuisha alishakuwa Kapteni, na Kapteni akabaki mpaka alipohama.

Nataka mambo yawe wazi tangu mwanzo, maana mimi hadithi za kufichana sizipendi. Kapteni alikuwa akirusha ndege ndogo za abiria za pwani hii. Siku moja injini ilimzimikia angani. Aliitua ndege mchangani, baina ya Mambrui na mdomo wa mto Sabaki, na watu wote wakatoka hai isipokuwa mama mmoja mzee. Mji mzima ulimwita shujaa. Yeye alitaka kitu kimoja tu duniani: amwendee binti wa yule mama, ambaye alikuwa ndani ya ndege ile ile akapona, amtazame usoni amwambie, "Kosa ni langu." Binti huyo nitamwita Sidi, ingawa si jina lake. Anakaa Gede. Gede ni Gede kweli, lakini nyumba msiitafute. Kutoka hapa kwenda huko si safari ya kumwagia mtu machozi. Unapanda gari, na kabla hujamaliza kusalimiana na uliyekaa naye umeshafika. Kapteni alikaa Barani miaka mingi, na miaka yote hiyo Gede hakufika.

Kanuni yake ilikuwa moja, na kila mtoto wa mtaa aliijua: ruka kwanza, jua unakoelekea, halafu ndiyo useme. Ndivyo walivyofundishwa marubani. Rubani akipatwa na shida angani, la kwanza ni kuishika ndege iendelee kuruka. La pili ni kuchagua pa kwenda. Kusema, iwe na abiria au na watu wa mnara wa uwanja wa ndege, kunakuja mwisho, na kama wakati hautoshi hakuji kabisa. "Ndege haijui lugha," alikuwa akisema. "Hata uipigie kelele haikusikii."

Kanuni hiyo ilifika jikoni kwangu siku mafuta yaliponiwakia. Nilikuwa nakaanga viazi huku simu nimeibana sikioni, namsikiliza dada yangu na umbea wake wa Takaungu, na mafuta yakashika moto hivi hivi naona. Nilipiga ukelele. Kapteni akaingia. Hodi hakubisha, neno hakusema. Mimi niko kichwa wazi, leso moja kiunoni, na mwanamume huyo ananipita kama vile mimi ni kabati. Akafunga gesi. Akakifunika kikaango kwa sinia. Akaubeba mtungi akaupeleka uani, akarudi, akatazama kama pazia limeshika, halikushika. Kisha akatoka nje, akasimama kizingitini, akanipa mgongo, akasema, "Hodi."

Nilicheka hadi nikakaa chini. "Karibu," nikamwambia, "lakini chelewa kidogo nijistiri."

Majirani waliyavumisha hayo wiki nzima, mwanamume kaingia kwa mjane bila hodi. Mimi niliwajibu kuwa hodi ilikuja, ila ilichelewa njiani. Tangu siku hiyo tukawa watu wa kupelekeana sahani. Mimi ni fundi wa cherehani, nashona sare za shule na matandiko, na yeye akaniita Bi Fundi. Alikuwa akija jioni, anakaa kwenye kiti cha wateja, ananitazama nikipinda kitambaa na hasemi kitu. Kuna watu ambao kunyamaza kwao kunakuchosha kuliko maneno. Kunyamaza kwa Kapteni kulikuwa hivyo mwanzoni, halafu nikakuzoea, halafu nikakuhitaji.

Pale dukani kwa Mzee wa Vitambaa ndipo alipokuwa akichokozwa azungumze. Mzee huyo ni Mhindi wa hapa hapa, ukoo wao umeuza nguo Malindi tangu enzi za mababu, na mimi kitambaa changu chote natoa kwake. Naye alikuwemo ndani ya ile ndege. Kila Diwali alimletea Kapteni sanduku la vitamu, na alimwambia kila mtu aliyeingia dukani, "Huyu bwana kanizaa mara ya pili." Kapteni alikuwa akilipokea sanduku kwa mikono miwili, anashukuru, anakuja nalo moja kwa moja kwangu analiweka juu ya cherehani. Hakupata kuonja hata kipande. Mimi nikila, nilikula kwa haya, kama anayekula chakula cha matanga mwenye msiba akimtazama.

Siku moja barazani pa duka hilo wazee walikuwa wakibishana juu ya wakubwa na wadogo, na mmoja akamgeukia.

"Ati Kapteni, akipanda gavana ndegeni mwako, huyo ni nani?"

"Abiria."

"Na mwenye ndege, aliyeinunua kwa pesa zake?"

"Abiria."

"Hao wa mnara je? Si ndio wanaokupigia kelele uende huku, uende kule?"

"Siku njema nawatii," Kapteni akasema. "Siku ya shida naweza kuwakatalia. Naweza kuvunja kanuni yoyote iliyoandikwa, ikiwa kuivunja kutawaokoa watu. Sheria yenyewe imeniruhusu. Nitaulizwa baadaye, nikiwa hai."

"Na Mwenyezi Mungu?"

"Mungu ndiye mwenye anga, mzee. Mimi nilipewa usukani tu."

Watu walishangilia. Mzee wa Vitambaa akampiga bega, akaagiza kahawa kwa wote. Tulipokuwa tunarudi nyumbani Kapteni akaniambia, "Wanadhani mamlaka ni kuamrisha watu, Bi Fundi. Mamlaka ni kwamba likishatokea la kutokea, huna wa kumsukumia." Nilimwambia aache kusema kama khatibu. Hakucheka.

Ajabu ni kwamba mtu huyo aliyesema kwa uhakika namna hiyo alikuwa hawezi kuamua jambo dogo. Mpeleke kwa muuza samaki, atasimama mbele ya samaki wawili, changu na tafi, mpaka nzi wamzoee. Muuza samaki alikuwa akimwona anakuja anaanza kuguna. "Kapteni, chukua changu, basi!" Naye anachukua changu, amefurahi kwamba neno hilo halikuwa lake. Nyumbani kwake alikula chakula kimoja, alivaa shati la aina moja, alipita njia moja. Nilimuuliza kwa nini hanunui hata shati la buluu siku moja, mbona anafanana na kaburi lililopakwa chokaa. Akasema, "Nitachaguaje?" Hakuwa anafanya mzaha. Niliona kweli hajui.

Ndege zikiruka kutoka uwanjani zinapita karibu na paa zetu. Kapteni alikuwa haangalii juu. Lakini mdomo wake ulisogea. Nilipomchunguza nikagundua anahesabu kitu, anasikiliza injini mpaka sauti inapotea kabisa upande wa baharini, ndipo anaendelea na alichokuwa akifanya. Kama alikuwa ameshika tonge, lilibaki hewani. Leseni yake haikuchukuliwa na mtu. Aliiacha mwenyewe, na wakubwa wake walimbembeleza sana arudi.

Sasa nije kwenye neno. Lilinichukua muda kuligundua, na ni kazi yangu iliyonigundulisha. Kapteni alikuja kuniagiza matandiko. Akasema anataka vitambaa viwili vyeupe vya kitanda.

"Shuka," nikamwambia.

"Hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo ndiyo nini? Useme shuka mbili, niandike."

"Vitambaa vya kitanda, Bi Fundi. Vya kulalia."

Nikaanza kumtania, kwani mimi nikipata pa kutania siachi. Nikamwambia yeye ni wa bara ya wapi asiyejua shuka ni nini, aliseme neno nimpunguzie bei. Na nilipokuwa nacheka ndipo yakanijia mengine: kwamba kwenye tuktuk husema "niteremshe hapa," kwamba nilipougua aliuliza kama homa imepungua, na bei ya unga kwake haikushuka kamwe, ilipoa. Mtu mzima aliyeishi pwani miaka yote hii, na neno moja analizunguka kama watu wanavyolizunguka shimo la choo. Nikamwambia hivyo. Kapteni akanitazama, akainuka, akaondoka, kofia yake akaiacha kitini.

Nilikasirika, kwanza naye, halafu na ulimi wangu. Kesho yake alikuja kuichukua kofia. Akakaa. Akanihadithia, na mimi nikaacha kukanyaga cherehani.

Ilikuwa msimu wa mafuriko, Mto Tana umefurika na barabara ya Lamu imekatika. Mtu mwenye haraka hakuwa na njia ila ndege. Mama yule wa Kigiriama alikuwa amekwenda Lamu kumwona mjukuu mchanga, mtoto wa mwanawe wa kiume, akiwa na bintiye Sidi, na mvua zikawafungia huko. Mwana akawakatia tiketi. Ilikuwa mara yao ya kwanza kupanda ndege. Kapteni alimwamkia mama pale mlangoni, "Shikamoo mama," naye akajibu, "Marahaba baba, utuendeshe polepole." Mama akaketi nyuma ya Kapteni kabisa, Sidi ubavuni, furushi miguuni. Kabla ya kuruka Kapteni aliwafundisha abiria mikanda, akawaambia isifunguliwe mpaka ndege isimame.

Walipokwisha kuipita Ngomeni, wanakaribia Malindi, injini ikakohoa, ikafa.

"Ndege haianguki kama jiwe," aliniambia. "Inateleza kama mwewe asiyepiga mbawa, mradi uinamishe pua isipoteze mwendo. Hilo nilifanya. Ndilo la kwanza." La pili likawa pa kutua. Maji yalikuwa yamekupwa na mchanga mgumu mzuri kuliko wote ulikuwa upande wa Mambrui, lakini palikuwa pamejaa vijana wanacheza mpira. Aliwaona, akawaona hata wanavyoinua nyuso. Akaamua kuwapita, akaelekea mbele kuliko na mchanga laini karibu na mto. Watu wa mnara walikuwa wakimwuliza maswali redioni, hakuwajibu. Uamuzi ule wa kuwapita wale vijana, ambao ndio uliompeleka kwenye mchanga mbaya, hakuujutia hata siku moja. Alinisimulia kama mtu anayesimulia alivyofunga mlango.

Likabaki la tatu, kusema. Na hapo nyuma yake akasikia mama anauliza, wala hakuuliza kwa woga, "Baba, mbona kumekuwa kimya hivi?"

Kapteni alikuwa na sentensi yake ya kila siku, aliyoisema kila anapokaribia kutua, akiisema hata usingizini: "Tunashuka sasa, kazeni mikanda." Muda wa kuisema ulikuwepo. Alimwonea huruma yule mama. Akafungua mdomo, akasema, "Tunashuka." Na papo hapo upepo ukalipiga bawa la kushoto, mikono na macho na akili vikarudi kwenye ndege, ruka kwanza, kama alivyofundishwa, na sentensi ikabaki nusu mdomoni.

"Katika lugha ya kazi yangu kushuka ni ndege kupunguza kimo," akaniambia. "Katika lugha ya yule mama ni nini, Bi Fundi?"

Nani asiyejua? Mtu aliyepanda magari tu maisha yake yote akisikia tunashuka hakazi kitu, anajifungua mkanda. Anakusanya mizigo, anamkamata mtoto mkono, anasogea ukingoni mwa kiti asije akapitishwa.

Gurudumu la mbele lilizama mchangani, ndege ikasimama ghafla. Waliokuwa na mikanda walivunjika mfupa mmoja mmoja, wengine hata huo hawakuvunjika. Mama alitupwa mbele. Alipogeuka, Kapteni alimkuta ubavuni pake, amelikumbatia furushi lake kwa mikono miwili.

Wachunguzi walikuja, wakamuuliza, na yeye akawaambia yote, na lile neno akawaambia. Wakasema neno lilikuwa sahihi kwa kazi yake. Wakasema abiria walikuwa wamefundishwa mikanda kabla ya kuruka. Wakasema mama alijifungua mkanda mwenyewe. "Walinisafisha," Kapteni akasema, "wakamwachia uchafu maiti." Hapo ndipo nilipoona kwamba mtu huyu anakufa mbele ya macho yangu, taratibu, na amevaa shati lililopigwa pasi.

Nilimpa ushauri wote ninaoujua. Nikamwambia ajali haina kinga. Nikamwambia mama yule siku yake ilifika, hata angekuwa kitandani kwake. Aliitikia kwa adabu, kama anayemwitikia muuzaji mlangoni na hana nia ya kununua kwake. Mwisho nikapandwa na hasira. "Basi nenda Gede kwa yule mwanamke umwambie! Ama nenda, ama nyamaza moja kwa moja. Hapa kati kati utaoza."

"Naogopa."

"Waogopa atakutukana?"

"Naogopa atanisamehe," akasema. "Watu wa huku wepesi kusamehe. Ataniambia haidhuru baba, ni kazi ya Mungu, nywa maji. Kisha nitakwenda wapi?"

Nililia siku hiyo baada ya yeye kuondoka, na mimi si mtu wa kulia. Nilimwonea uchungu, na nilimchukia pia. Nilikuwa nimezika mume mimi, najua kinachofanywa na binadamu: unalia, unakaa eda, unanunua unga. Yeye hakutaka kununua unga. Alitaka mtu mmoja, mmoja tu, amwambie kosa ni lako, tena kwa haki. Na kila mlango aliobisha alipewa kiti na sifa.

Ugonjwa ndio uliomfungua miguu, na kinaya ni kwamba miguu yenyewe ndiyo iliyokuwa inaugua. Sukari ilianza kumla kidole, kisha wayo. Ndugu zake walipiga simu kwamba watakuja kumchukua wakamtunze kwao. Alikuja kwangu na fimbo, akasimama mlangoni, na mara hii alibisha hodi mara tatu.

"Nisindikize Gede, Bi Fundi. Mwanamume haendi peke yake kwa mwanamke aliyemfisha mamake."

"Wewe hukumfisha."

"Nisindikize tu."

Tulikwenda asubuhi. Nyumba ya Sidi iko nyuma ya soko, ua umefagiwa vizuri, na yeye tulimkuta amekaa mkekani anapukuchua mahindi. Mwanamke wa makamo, mnene kidogo, uso mpole. Aliinuka akajipangusa mikono. "Karibuni, karibu mayo," akaniambia, maana Wagiriama mama humwita mayo. Kwa Kapteni alisema karibu baba, akampa kiti, na alipokuwa anakiweka kile kiti ndipo alipomtambua. Nilimwona anakishika kiti kile zaidi ya inavyohitajika.

Alituletea maji. Tukasalimiana kwa urefu, za nyumbani, za mvua, za watoto. Kisha Kapteni akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, nimekuja kwa sababu ya lile neno."

"Ulilosema kabla ya kuanguka," Sidi akasema.

"Hilo."

"Nalikumbuka. Hospitalini waliponiuliza niliwaambia sikumbuki kitu. Nilikuwa nakumbuka." Akachukua gunzi moja la mahindi, akalishika tu. "Mama hakuwa akisikia vizuri. Aliniuliza, asemaje? Nikamwambia, asema twashuka. Akaanza kuhangaika na ule mkanda, vidole vyake vilikuwa vimepinda, havina nguvu. Nikamfungulia mimi."

Kapteni akaishika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Mimi, baba. Nikamfungua, nikampa na furushi lake alishike. Nikawa nageukia mkanda wangu. Wangu sikuwahi."

Jogoo wa jirani aliwika, na mtu sokoni alikuwa anaita bei za nyanya. Nilitaka kumshika yule mwanamke mkono na sikuweza kusogea.

"Ndugu yangu hajui," Sidi akaendelea. "Hajui mtu. Wote wanajua alijifungua mwenyewe, na mimi nimewaacha wajue hivyo. Lakini nina kitu kimoja kinachonipa usingizi. Najiambia: yule ni mkubwa wa ndege. Katuamrisha tushuke. Alikuwa na sababu yake, labda aliona moto, labda alitaka tutoke mbio kabla ya maji. Mimi nilimtii. Mtu akimtii mkubwa si kosa lake, au ni kosa lake?" Akamtazama, na upole ule usoni ulikuwa umekwisha. "Sasa umekuja mwenyewe, na mimi sikukuita. Niambie. Ulituamrisha, sivyo? Ulitaka tujifungue?"

Mimi nilijua jawabu, na Kapteni alijua kwamba ninajua. Nusu iliyobaki ya sentensi ilikuwa mdomoni mwake tangu siku ile: kazeni mikanda. Alikuwa ameibeba kutoka angani mpaka kwenye ua ule ili aiseme. Akiisema, Sidi atajua kwamba mkono wake ulifungua kile alichokuwa karibu kuambiwa akikaze. Nilimwomba Mungu, na sikujua hata namwomba nini.

"Ndiyo," Kapteni akasema. "Niliamrisha."

"Kwa nini?"

"Nilidhani nimeona moto."

"Ulikuwepo moto?"

"Haukuwepo."

Sidi akaliweka gunzi chini. "Haukuwepo moto."

"Nilikosea. Nilitaka mtoke haraka, nikasema mapema kabla ndege haijasimama. Ndani ya ndege hakuna mkono unaofanya kitu ila kwa amri yangu. Mkono ulikuwa wako, mwanangu, lakini aliyeupeleka ni mimi."

Hapo ndipo yule mwanamke alipolia. Alilia kwa sauti, kifua chote, kilio cha msibani, kilio ambacho nadhani hakukilia msibani kwenyewe. Nikamwendea nikamshika, na mwili wake ulikuwa unalegea mikononi mwangu kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Alipoweza kusema alisema akimtazama Kapteni juu ya bega langu.

"Basi ni wewe uliyemuua mama yangu."

"Ni mimi."

"Na mimi nimejila roho miaka yote hii, na ni wewe."

"Ni mimi."

"Sikusamehi, baba. Mbele ya huyu mayo nasema, sikusamehi mpaka naingia kaburini."

"Usinisamehe," Kapteni akasema. Akainuka kwa fimbo yake, akainamisha kichwa, akatoka uani.

Sidi aliniomba radhi kwamba hata chai hakutupikia. Akanifungia mahindi kwenye mfuko, akanisindikiza mimi mpaka mwisho wa soko, amejifuta uso, akitembea wima. Hakumtazama Kapteni tena.

Nilimkuta Kapteni amesimama kando ya barabara, juani, shati limemlowa mgongoni. Nilikuwa na jazba, nilikuwa nampenda na nataka kumpiga. Nikamwambia, "Haya. Umepata ulichokitaka. Amekulaumu."

"Nilitaka anilaumu kwa nililolitenda, Bi Fundi, si kwa moto niliouzua," akasema. "Sasa hilo hakuna tena ninayeweza kumwambia."

Gari likaja, nikamshika mkono akapanda. Wiki ile ile ndugu zake walimchukua.